Kufunga kamera ya rivasi ya kiwandani kwenye Golf 7: anza na kompyuta, malizia na spana

Kijana mmoja alinijia gereji akiwa na boksi mkononi, uso umejaa furaha. "Shikamoo fundi. Nimepata ile kamera ya nembo, inayofunguka ukitia rivasi. Nifungie leo leo." Nilimwitikia marahaba, boksi nikaliweka mezani, kisha nikachomoa redio ya gari lake kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Nyuma ya redio, pale waya wa picha unapochomekwa, hapakuwa na tundu. Kamera ilikuwa nzima na ni ya kiwandani kweli, lakini redio ile haikutengenezwa kupokea picha. Hela ilikuwa imeshatoka.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya watu kama yeye, na kwa mafundi wenzangu wa umeme wa magari wanaoletewa kazi za namna hii. Nimechukua Volkswagen Golf 7, lililoanza kutoka mwaka 2012, kwa sababu yamejaa barabarani kwetu kutoka Japani na Uingereza, na kwa sababu kamera yake inakutanisha karibu mambo yote utakayoyaona ukiongeza kifaa kwenye gari la kisasa.

Zamani kuongeza kifaa ilikuwa kazi ya waya tatu: chanya, hasi na swichi. Leo ukishafunga kifaa umefika katikati ya safari. Inabaki kuziambia kompyuta za gari kwamba kuna mgeni amehamia, anaitwa nani na anaruhusiwa kufanya nini. Usipozitaarifu zitamkana, au zitakuwashia taa za hitilafu kila asubuhi.

Tazama kinachotokea ukitia rivasi kwenye Golf 7. Hakuna waya mmoja unaotoka giaboksi hadi kwenye kamera. Habari kwamba gia ya nyuma imeingia hutangazwa kwenye mtandao wa CAN, ule ambao kampuni ya Bosch iliutambulisha mwaka 1986: nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, na kila moduli, yaani kila kompyuta ndogo ya gari, iliyoungwa humo inasikia. Getiwei, ambayo ni kama karani wa mapokezi, huipokea habari hiyo na kuipeleka kwenye matawi mengine ya mtandao. Kamera inasikia, mota yake inafungua nembo ya nyuma inayoificha. Redio nayo inasikia na kubadilisha skrini, ila itafanya hivyo ikiwa tu imeandikiwa kwamba gari hili lina kamera.

Si kila gari liko hivyo. Toyota nyingi za miaka ya 2000 na 2010 zina kompyuta ya injini inayoijua kruzi, kile kifaa cha kushikilia mwendo, tangu kiwandani, hata kama gari liliuzwa bila kijiti chake. Unafunga kijiti kwenye usukani, kila kitufe kinatoa ukinzani wake kwenye waya uleule mmoja, kompyuta inapima na kuelewa. Hakuna cha kuandika. Lakini hata hapo baadhi ya magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayana ule waya ndani ya spiro ya usukani, yaani utepe wa nyaya unaojikunja usukani unapozungushwa, na mtu huligundua hilo akiwa ameshafungua erbegi. Ndiyo maana hatua tatu za kwanza hapa chini hazihitaji spana hata moja, ukiacha ile ya kutoa redio.

Hatua ya 1: Jua gari lilizaliwa na nini

Fungua buti, nyanyua zulia, angalia pale tairi ya akiba inapokaa. Kwenye Volkswagen nyingi kuna stika ya karatasi yenye misimbo ya herufi na tarakimu tatu tatu. Stika hiyohiyo hubandikwa kwenye kitabu cha sevisi. Kila msimbo unaeleza gari lilitoka kiwandani na nini: 4A0 maana yake halina viti vya joto, 4A3 linavyo kwa mbele, KA0 maana yake halina kamera ya nyuma. Piga picha stika yote. Ikiwa imechanika, namba ya chasisi inaweza kukupatia orodha hiyohiyo kwa wakala au kwenye huduma za kulipia.

Halafu toa redio. Kwenye Golf 7 skrini ya mbele ni skrini tu. Redio yenyewe ni kisanduku kilichoko kwenye kabati la dashibodi, upande wa abiria. Tafuta tundu la FAKRA la kamera. Soketi za FAKRA zina rangi na vijino vyake, hivyo ya GPS haiingii kwenye ya kamera, na hiyo ni heri kwako. Soma pia stika ya redio na uandike namba ya kifaa, namba ya programu na, zaidi ya yote, herufi ya mwisho. Namba inayoanza na 5G0 ni ya Golf 7 lenyewe. 5Q0 ni kifaa kinachotumika kwenye magari mengi yanayochangia jukwaa la MQB, yaani msingi mmoja wa kuundia magari, yakiwemo Audi A3 na Skoda Octavia ya kizazi kilekile. Vifaa viwili vyenye namba moja na herufi tofauti vinaweza kufanana kama pacha na visielewane na gari lako.

Kamera zenyewe ni za aina mbili. Ile inayoitwa Low huchora mistari isiyosogea, na ndiyo rahisi. Ile ya High huchora mistari inayopinda kadiri unavyozungusha usukani, ina moduli yake ya ziada na inadai kalibresheni, yaani kupangwa kwa vipimo baada ya kufungwa. Kwa mtu anayetaka kuona mtoto au jiwe lililo nyuma ya gari, Low inatosha kabisa, na ndiyo ninayopendekeza kwa wateja wengi.

Hatua ya 2: Soma gari lote na uhifadhi

Unganisha chaja kwenye betri kwanza. Si betri nyingine kwa kebo, ni chaja inayoshikilia volti 13 na zaidi muda wote swichi ikiwa imewashwa. Kusoma moduli zote huchukua dakika kadhaa, kuziandikia huchukua zaidi, na betri ikishuka katikati ya kuandika unaweza kubaki na moduli isiyojitambua.

Kwa magari ya kundi la Volkswagen mashine ninazoziamini ni VCDS ya Ross-Tech na OBDeleven. Wakala hutumia ODIS. Kile kidude cha bei chee cha kusomea gari, ELM327, kitakusomea hitilafu za injini vizuri tu, lakini kwa Golf 7 usikitegemee kwa kuandika. Magari mengine yana zana zake: FORScan kwa Ford, BimmerCode kwa BMW, Techstream kwa Toyota.

Fanya skani ya gari zima, si injini peke yake, na uhifadhi faili sehemu mbili. Kuna mambo mawili ya kutazama humo. La kwanza ni hitilafu zilizokuwepo kabla hujagusa kitu. Mwonyeshe mwenye gari palepale, ili jioni taa ya erbegi ikiwaka msitazamane kwa mashaka. La pili ni kodingi, yaani ile mistari mirefu ya herufi na tarakimu iliyo chini ya kila moduli. Ichukulie kama ukuta wa swichi ndogo ndogo: kila herufi mbili ni swichi nane, na kila swichi inasema ndiyo au hapana kwa jambo moja. Gari lina taa za ukungu? Ndiyo. Lina kamera? Hapana. Mistari hiyo ndiyo njia yako ya kurudi nyumbani ukipotea. Ambaye hakuihifadhi hana pa kurudi.

Hatua ya 3: Jua kufuli ziko wapi

Hapa ndipo hela nyingi zinapoteketea, kwa hiyo vumilia maelezo marefu.

Kufuli ya kwanza ni ulinzi wa vifaa. Redio na mita ya dashibodi ya Golf 7 vimefungwa kwa namba ya chasisi ya gari lake. Ukichomoa redio kwenye gari moja ukaichomeka kwenye jingine, inatambua imehama, inajifunga, na haifunguki mpaka iidhinishwe kupitia seva ya mtengenezaji. Hili linatugusa moja kwa moja. Gari lililotoka Japani huja na redio inayoongea Kijapani, na FM ya Japani huanzia 76 na kuishia 95, wakati stesheni zetu ziko kati ya 88 na 108. Mtu anachoka, ananunua redio ya Ulaya iliyotumika, anaona ameua ndege wawili kwa jiwe moja kwa sababu ina pia tundu la kamera. Kabla hujalipia redio ya namna hiyo, hakikisha una mtu mwenye njia halali ya kuiidhinisha, na upate jibu lake kabla hela haijatoka. Kamera haina shida hiyo.

Kufuli ya pili iko kwenye magari mapya zaidi. Kuanzia Golf 8 na ndugu zake, Volkswagen wameweka SFD: moduli zinasomeka, lakini hazikubali kuandikwa mpaka upewe tokeni kutoka kwenye seva yao, na ruhusa hiyo inadumu kwa muda mfupi. Kampuni zilizokuwa Fiat Chrysler nazo ziliweka getiwei ya usalama kuanzia magari ya mwaka 2018. Sababu si uroho peke yake. Mwaka 2015 watafiti Charlie Miller na Chris Valasek waliliingilia Jeep Cherokee kupitia mtandao wa simu likiwa barabarani, na magari milioni 1.4 yakaitwa kurekebishwa. Baadaye zikaja kanuni za Umoja wa Mataifa, R155 ya usalama wa mtandao na R156 ya usasishaji wa programu, ambazo Ulaya zilianza kwa aina mpya za magari Julai 2022 na kwa magari yote mapya Julai 2024. Mlango ambao fundi anaingilia ndio huohuo mwizi angeutumia.

Hata hivyo kuna kufuli nyingine ambazo sizitetei. BMW waliwahi kuuza viti vya joto kwa malipo ya kila mwezi katika baadhi ya nchi, ilhali nyaya za kupasha joto zilikuwa tayari zimeshonwa ndani ya kiti. Walilalamikiwa sana, na mwaka 2023 wakaachana na mpango huo. Mimi naamini mtu aliyelipia chuma kilichomo ndani ya gari lake amelipia pia haki ya kukitumia. Ila imani yangu haifungui kufuli. Gari lako likiwa na kufuli ya seva, ulizia gharama ya kufunguliwa kabla ya gharama ya kifaa.

Ukimaliza hatua hizi tatu, ndipo uagize: kamera, mkanda wa waya (fungu la nyaya lenye soketi zake) uliotengenezwa kwa ajili ya Golf 7 la usukani wa upande wa kulia, na klipu za plastiki za akiba kwa sababu za zamani zitavunjika. Mkanda wa gari la usukani wa kushoto mara nyingi unapungua urefu kidogo mwishoni, na kidogo hicho hukukuta ukiwa umeshalaza waya gari zima.

Hatua ya 4: Laza waya

Ondoa hasi ya betri. Vua plastiki ya ndani ya mlango wa buti, toa nembo ya zamani. Usisahau kwamba nembo ya Golf 7 ndiyo pia mpini wa kufungulia buti, kwa hiyo ina soketi yake ya umeme; kamera mpya inakuja na swichi hiyo ndani yake.

Panapotesa watu ni ule mpira wenye mikunjo unaounganisha mlango wa buti na bodi. Humo ndani pamejaa waya, pamoja na mpira wa maji ya waipa ya nyuma. Usisukume waya kwa bisibisi. Vua mpira pande zote mbili, pitisha waya mgumu wa kuvutia, paka maji ya sabuni, kisha vuta taratibu. Waya wa picha haupendi kukunjwa kona kali. Ukiuvunja mgongo picha itacheza cheza, na utaitafuta hitilafu kwenye kodingi wakati iko kwenye mkunjo. Acha ulegevu kidogo, fungua na kufunga mlango mara kumi, uone kama kuna kinachovutwa.

Kutoka buti hadi mbele pitia chini, kwenye plastiki za vizingiti vya milango. Njia ya juu darini inavutia kwa sababu ni fupi, lakini erbegi ya pazia imelala huko juu ya madirisha yote. Waya uliofungwa mbele yake unaweza kuizuia au kugeuka mjeledi siku inapolipuka. Chini ya viti nako ukikutana na soketi za njano, ambazo ni za erbegi, ziache kama zilivyo.

Mbele una maunganisho manne. Picha inakwenda nyuma ya redio. Hasi inakwenda kwenye nukta ya bodi ya kiwandani, si kwenye skrubu yoyote uliyoiona karibu. Umeme unakwenda kwenye fyuzi, kwenye nafasi ambayo maelezo ya mkanda wako yanataja. Mwisho ni nyaya mbili za CAN, kwenye tawi ambalo maelezo yametaja. Kwenye Volkswagen hizo utazitambua kwa rangi: CAN ya chini ni chungwa yenye mstari wa kahawia, CAN ya juu ni chungwa yenye rangi nyingine inayobadilika kufuatana na tawi. Ziache zimesokotana hadi karibu kabisa na maungio, na uzibane kwa pini halisi za kubana. Zile klipu za kuuma waya zinakata nyuzi za shaba, na baada ya mwaka mmoja wa mtikisiko gari linaanza kuota taa za hitilafu.

Usishawishike kuchukua umeme wa kamera kwenye taa ya rivasi, kama tunavyofanya kwenye magari ya zamani. Kwenye Golf 7 taa zinaendeshwa na kupimwa na moduli ya bodi. Ukiongeza mzigo hapo utapata ujumbe wa balbu mbovu au picha inayopepesa.

Kabla ya kurudisha betri, pima ukinzani kati ya nyaya mbili za CAN. Mtandao huu una vizuizi viwili vya omu 120, kimoja kila mwisho, hivyo mita inapaswa kukuonyesha karibu na 60. Ukiona karibu na sifuri, nyaya zimegusana. Ukiona 120, kuna mahali pamekatika. Nimewahi kuokoa siku nzima kwa kipimo hiki cha dakika moja.

Hatua ya 5: Andika kodingi

Rudisha betri, unganisha chaja, washa swichi bila kuwasha injini. Badilisha jambo moja, hakikisha limekubalika, ndipo uende la pili.

Anza na getiwei, anwani 19. Ina orodha ya moduli zilizomo garini. Tafuta 6C, ambayo ni kamera ya nyuma, uiwekee alama ya kuwepo. Ukisoma gari upya, 6C inapaswa kujibu kwa jina na namba yake. Isipojibu usiendelee. Hilo ni tatizo la waya au umeme, na hakuna kodingi inayotibu waya.

Kisha nenda 5F, ambayo ni redio. Humo kamera hutajwa mahali pawili: kwenye kodingi ndefu, na kwenye orodha ya vitendo vya gari iliyo katika marekebisho. Pote pawili chagua aina uliyofunga, Low au High. Ukiandika mahali pamoja tu ukasahau kwingine, utapata skrini nyeusi yenye maandishi, au menyu bila picha. Mashine ikiomba namba ya ruhusa, mara nyingi yenyewe inakuonyesha namba ipi. Ukimaliza, shikilia kitufe cha kuwashia redio sekunde kumi na zaidi mpaka ijizime na kuwaka upya.

Tafadhali usinakili mstari mzima wa kodingi kutoka gari la mtu mwingine. Nimeona redio ikipoteza spika za nyuma kwa sababu mwenye gari alibandika mstari wa Golf lenye muziki wa aina nyingine. Geuza swichi unayoijua tu, zingine ziache.

Kamera na redio ninazifanya gerejini bila wasiwasi. Moduli za breki, erbegi na usukani wa umeme siziandikii kwa majaribio, na rada ya kruzi inayojipunguzia mwendo siifungi pasipo vifaa vya kuipangia mwelekeo. Kamera ikikosea unageuza shingo ukaangalia nyuma. Breki ikikosea hakuna pa kugeukia.

Hatua ya 6: Kalibresheni na majaribio

Kamera ya High itabaki na hitilafu ya kutopangwa mpaka ufanye mpangilio wa msingi kwa ubao maalumu uliowekwa nyuma ya gari kwa vipimo. Sakafu iwe bapa, matairi yawe na upepo sahihi, buti liwe tupu. Kwa Low, weka boksi mita moja nyuma ya bampa, tia rivasi, uone kama mistari inakwenda sawa na gari. Ikiegemea upande, nembo haijakaa vizuri.

Mwagia maji kwenye nembo dakika tano, kisha gusa ndani ya mlango kama kuna unyevu. Faida kubwa ya kamera hii kwenye barabara zetu za vumbi ni kwamba lenzi inajificha ukiacha rivasi, kwa hiyo angalia pia kama inafunga hadi mwisho na haikwaruzi.

Kipimo cha mwisho ndicho kinachorukwa zaidi. Funga gari, peleka funguo mbali, ulidanganye komeo la boneti kwa bisibisi ili lidhani limefungwa, ukiwa umeweka mita ya ampea kwenye hasi ya betri. Subiri moduli zilale. Inaweza kuchukua dakika ishirini. Mkondo ukishuka chini ya miliampea 50, mgeni wako analala na wenzake. Ukibaki juu, kuna moduli inayokesha, na betri itakufa usiku wa tatu au wa nne. Mara nyingi ni kamera iliyopewa umeme usiozimika.

Fanya skani nyingine, ilinganishe na ya asubuhi, kisha andika kwenye karatasi: namba ya kamera, fyuzi uliyotumia, kodingi ya zamani na mpya za 19 na 5F, na tarehe. Iweke kwenye kabati la dashibodi pamoja na kitabu cha sevisi. Siku gari likienda kwa wakala na programu ya redio ikasasishwa, kamera inaweza kufutwa kwenye orodha, na fundi atakayelifungua atahitaji karatasi hiyo kuirudisha kwa dakika tano.